Pikipiki mpya ina siku 16, inakata moto ikichemka, muuzaji anasema ni nzima. Nairudishaje?

Tairi Mbili

Wakuu habari zenu. Nimekuja na kichwa kinauma, mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Nimenunua pikipiki mpya kabisa ya boksi, moja kwa moja kwa wakala. Jina lake sitaji, na aina ya chombo msiniulize. Ni sisi 150, ya kabureta, ina kiki na stata. Leo ina siku 16 na mita inasoma kilomita 412.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili nikiwa nimetembea kama dakika 25 ikakata moto ghafla. Haikukohoa, haikupungua nguvu, ilizima kama mtu kazima taa ya chumbani. Taa zinawaka, honi inalia, stata inazungusha injini vizuri tu, ila haishiki. Nikakaa kando ya barabara robo saa, nikapiga kiki moja, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo imenifanyia hivyo mara tano, na kila mara ni baada ya kuchemka. Nimewapelekea mara mbili. Mara ya kwanza kijana wa gereji yao akapiga stata, ikawaka, akaiacha ingurume dakika tatu, akaniambia "bosi hiki chombo ni kizima, bado kipya tu, kizoee". Mara ya pili ililala kwao. Asubuhi nikaambiwa wamesafisha kabureta na kubadilisha plagi. Nilipotoka pale nilienda kilomita 14, ikazima nikiwa katikati ya mzunguko, malori mbele na nyuma.

Mimi sitaki tena matengenezo. Nataka hela yangu au nipewe nyingine. Wao wanasema pikipiki ikishatoka getini hairudi, waranti ni ya kutengenezewa tu. Kweli hii? Na ugonjwa wenyewe ni nini?

Mzee wa Kiki

Pole sana mkuu. Kabla ya vita jaribu kitu cha bure. Ikizima tena usikimbilie kiki, fungua kwanza mfuniko wa tanki usikilize. Ukisikia "fyuuu" ya hewa kuingia, na ukipiga kiki baada ya muda mfupi ikashika, basi tundu la kupumulia kwenye mfuniko limeziba. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, mwisho mafuta yanagoma kushuka. Nimeshaona mtu kafunguliwa injini nzima kwa ajili ya mfuniko.

Spana Kumi

Mzee wangu hilo lipo, ila kwa mfuniko ingesuasua kwanza. Mafuta yakikatika, bakuli la kabureta linaisha taratibu, kwa hiyo injini inavuta, inaachia, inavuta, ndipo inakufa. Huyu anasema ilizima kama taa. Huo ni umeme. Na umeme unaopotea kwenye joto ukarudi kwenye ubaridi, mimi naanza na koili. Ndani ya koili kuna waya mwembamba kama unywele. Ukiwa na ufa, ikipoa ncha zinagusana, ikichemka kila kitu kinatanuka, ncha zinaachana.

Koili ziko mbili za kutazama hapo. Kuna ya plagi, ile iliyo chini ya tanki, na kuna kadogo kalikokaa pembeni ya sumaku, ndani ya kava la injini, kanakoiambia CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi) lini irushe cheche. Hako kadogo joto lote la injini ni lake.

Fanya hivi. Tembea na plagi ya akiba. Ikizima, hapo hapo kabla haijapoa, chomoa kofia ya plagi, ivike hiyo ya akiba (ya kwenye injini iache ilipo, usifungue tundu likatoa mvuke wa petroli), iegemeze chuma chake kwenye kichwa cha injini pasipo na rangi, upige kiki. Shika mpira, usishike chuma, utaruka. Ukiona cheche ya buluu, nenda katafute mafuta. Usipoona kitu, jibu umeshalipata.

Dada Helmeti

Na wakati unafanya hivyo mtu arekodi video, ianze kwenye mita ya kilomita ndipo ishuke kwenye plagi. Mimi yangu shokapu ya mbele ilikuwa inavuja oili, nikifika dukani wanaifuta na kitambaa, wananiambia ni vumbi la njiani. Nilipowaonyesha video ya siku nne mfululizo, asubuhi na jioni, lugha ilibadilika.

Swali langu mleta uzi: hizo mara mbili ulizopeleka, una karatasi?

Tairi Mbili

Ya kwanza hawakuandika chochote. Ya pili nina karatasi imeandikwa "sevisi ya kawaida".

Kaunta

Hapo ndipo ulipopigwa, na nasema hivi kwa sababu nimekaa miaka sita upande wa pili wa kaunta.

"Sevisi ya kawaida" inaandikwa kwa uvivu mara nyingi kuliko kwa ujanja, lakini kwako matokeo ni mamoja: kwenye kumbukumbu zao pikipiki yako haijawahi kuumwa. Siku ukija na hasira kudai ya kubadilishiwa, meneja anafungua faili, anakuta mteja aliyekuja kubadilisha plagi.

Pale kwetu wakala alikuwa akibadilisha kifaa kwa waranti anamdai aliyemletea pikipiki. Ili alipwe, lazima aonyeshe namba ya chesisi, kilomita, maelezo ya tatizo na mara nyingi kifaa kibovu chenyewe. Sasa tatizo la kuja na kuondoka linachukua saa nzima kulitafuta, na fundi anasubiriwa na pikipiki nyingine kumi uani. Ndiyo maana anaiwasha dakika tatu anakuambia nzima. Hana ubaya na wewe, ana foleni.

Safari ijayo usitoe ufunguo kabla ya lalamiko kuandikwa, na liandikwe kwa maneno yako wewe. Siyo "inasumbua". Iwe: "inazima ghafla ikishatembea dakika 20 hadi 30, stata inazungusha, haishiki, inarudi baada ya dakika 15". Tarehe, kilomita, sahihi yao, nakala yako. Ukienda kuichukua, waandike walichokikuta na walichobadilisha. Wakikataa kuandika, piga picha kaunta yao, nenda nyumbani, watumie ujumbe wa kilichotokea siku hiyo hiyo. Nao ni maandishi.

Halafu mengine matatu. Sevisi ya kwanza ifanye kwao na kwa kilomita zilizo kwenye kitabu (nyingi ni kati ya 500 na 1,000) hata kama mmenuniana, maana ndicho kitu cha kwanza watakachokitafuta. Fundi wa nje asiguse boliti. Na usifunge vikorokoro vya umeme, sijui taa za mapambo, sijui alamu.

Tairi Mbili

Hapo kwenye alamu nimepata baridi.

Siku ya tatu tu nilifunga alamu kwa fundi wa nje. Ile ya rimoti, ukibonyeza inazima injini hata mwizi akiwa juu.

Spana Kumi

Mkuu!! Mbona hukusema toka mwanzo?

Alamu hizo zinaunganishwa kwenye waya wa kuzimia. Kwenye pikipiki nyingi waya huo ukigusa bodi tu, cheche inakufa, wakati taa na stata vinaendelea. Yaani ugonjwa wako neno kwa neno. Kiboksi cha alamu kikipata joto chini ya siti kinaweza kufanya hivyo bila wewe kugusa rimoti. Usiende kugombana na mtu kabla hujaitoa.

Mzee wa Kiki

Nilikuwa nasubiri hii. Kila uzi wa waranti una alamu ndani yake.

Tairi Mbili

Nimecheka kwa uchungu. Basi mrejesho, siku tatu baadaye.

Alamu imetoka yote. Fundi aliyeifunga nimemrudia, akaunganisha waya ulivyokuwa, akaulehemu, akafunga utepe. Siku hiyo hiyo nikatoka na shemeji yangu nyuma yangu na simu. Dakika 22, kilomita 441, ikazima. Mfuniko wa tanki nikafungua: hakuna mlio. Plagi ya akiba nikaiegemeza, kiki mara nane, giza. Shemeji akaweka kiganja kuzuia jua ili tuone vizuri, bado giza. Tukakaa. Nikawa napiga kiki kila dakika mbili kama mtu anayekanda unga. Dakika ya 14 cheche ikarudi, ya buluu, kali, tak-tak-tak. Yote imo kwenye video.

Spana Kumi

Safi. Sasa azima kipimo cha umeme. Tafuta soketi ya nyaya zinazotoka kwenye kava la sumaku, ichomoe, pima ile koili ndogo ikiwa ya baridi, kisha ikiwa imezima. Kuchomoa soketi siyo kufungua injini, hakuna atakayekulaumu.

Tairi Mbili

Baridi: omu 196. Imezima: kipimo kinaandika OL. Nimerudia mara tatu.

Spana Kumi

OL maana yake njia imekatika. Koili hiyo imekufa, na alamu haifiki huko kabisa.

Breki ya Nyuma

Sasa jamani si kununua hiyo koili, uvalishe, uendelee na maisha? Ni kifaa kidogo kama kiberiti. Watu mnapenda kesi.

Dada Helmeti

Kuipachika lazima kava lifunguliwe. Akilifungua yeye, waranti ya injini kwaheri. Chombo kina wiki tatu, anunueje kifaa cha mtu mwingine?

Koti Jeusi

Naomba niingie kwenye sheria kidogo maana naona watu wanachanganya vitu viwili.

Waranti ni ahadi ya aliyetengeneza: kikiharibika nitakitengeneza, kwa masharti haya na haya. Haki yako kwa aliyekuuzia ni kitu kingine, inatokana na mauzo yenyewe. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza zina kanuni zilizotoka kwenye sheria yao ya mauzo ya bidhaa ya 1893: kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe kinafaa kwa kazi yake. Kwa hiyo kibao cha "bidhaa ikitoka hairudi" hakimalizi mazungumzo. Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango wa kutokea muuzaji: ukikaa na kitu kwa muda unaotosha kukikagua bila kumwambia kwamba unakikataa, unahesabiwa umekikubali. Uingereza wenyewe tangu 2015 wameweka idadi: mtumiaji ana siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa hela. Zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, ikishindikana ndipo unarudi kwenye kukataa. Soma ya nchi yako, muda unatofautiana.

Kosa ninaloliona sana ni mtu anayeandika barua "pikipiki hii siitaki" huku anaipanda kazini kila siku. Huwezi kukikataa kitu ambacho umekikalia. Ukiamua kurudisha, ipaki, piga picha ya mita, ondoa mguu.

Na kama ulinunua kwa mkopo, mjulishe aliyekukopesha kwa maandishi siku hiyo hiyo, ila rejesho usikatishe. Ugomvi wako ni na muuzaji. Ukiacha kulipa unafungua wa pili.

Kaunta

Koti Jeusi kasema vizuri, mimi niongeze ukweli mchungu: kwa koili moja hupewi pikipiki mpya. Hata ningekuwa mimi meneja nisingekupa. Wana haki ya kujaribu kuitengeneza, na ukiwanyima nafasi hiyo wewe ndiye utaonekana mkorofi. Nenda na barua ya nusu ukurasa: tarehe zote, kilomita zote, vipimo viwili, video. Omba koili ibadilishwe, wewe ukiwepo. Omba fundi wao akae nyuma yako mtembee dakika 40 kabla hujaipokea. Na sentensi moja ya mwisho: tatizo hili likirudi, au likikutwa kubwa kuliko koili, nabadilishiwa chombo. Alamu itaje mwenyewe. Wakiikuta wao itakuwa silaha yao, ukiitaja wewe ni maelezo tu.

Tairi Mbili

Nimekwenda nayo kwa kirikuu, sikuipanda. Barua ameipokea meneja mwenyewe, kagonga mhuri kwenye nakala yangu. Aliposoma sehemu ya alamu akatabasamu, nikamwonyesha kipimo, tabasamu likapungua.

Fundi wa leo ni mtu mzima, tofauti na yule kijana. Hakubisha hata kidogo. Akamwaga oili kwenye beseni, akafungua kava la kushoto, akakaa kimya. Akanivuta mkono nikaona: kichwa cha koili kina mstari unaong'aa, kama kimelambwa na msasa, na pembeni ya sumaku kuna mstari kama huo, upande mmoja tu. Akachomeka geji ya majani, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, kati ya koili na sumaku, akazungusha taratibu: upande huu jani linapita limelegea, upande ule halipiti kabisa. Akasema "sumaku inacheza". Kwenye beseni alipozungusha sumaku ya kuokotea vyuma, ilitoka na ndevu za unga mweusi.

Sijui niseme nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita meneja.

Spana Kumi

Duh. Hiyo siyo koili tena. Sumaku inakaa kwenye ncha ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikiwa inacheza upande, ama sumaku yenyewe haikutengenezwa sawa, ama ncha ya kranki imepinda. Ikichemka nafasi inaisha inakwangua koili, kila mzunguko. Unga mwepesi kiasi kwenye oili ya kwanza ni kawaida, injini mpya inajisugua. Ndevu siyo kawaida. Bahati yako hukusikiliza ushauri wa kununua koili, ungekwangua na ya pili.

Breki ya Nyuma

Nimekubali, nafuta kauli.

Tairi Mbili

Wamenipigia leo. Wanasema watanivalishia injini mpya nzima, bure. Nikubali?

Koti Jeusi

Injini ina namba, na namba hiyo imo kwenye kadi yako ya usajili. Ukivalishwa injini nyingine bila kadi kurekebishwa, siku ya ukaguzi au siku ya kuuza unaonekana mwizi wa injini. Kama unakubali, wakupe barua inayotaja namba ya zamani na mpya, na marekebisho ya kadi yawe juu yao. Kama ni chombo kingine kizima, kadi ni nyingine kabisa, bima ihamishwe, na cha zamani kitoke kwenye jina lako. Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu faini za mtu wasiyemjua zinaanza kuwafuata.

Kaunta

Ulishaandika "likikutwa kubwa kuliko koili". Wana mhuri wao juu yake. Mimi ningesimamia hapo, kwa upole.

Tairi Mbili

Mrejesho wa mwisho, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Nilisimamia hapo kwa upole. Ilichukua siku 9, simu nyingi, "meneja yuko kikaoni" nyingi, kisha nikaitwa kuchagua nyingine. Sikuchagua kwa rangi safari hii. Kwanza niliweka kiganja kwenye injini kuhakikisha ni ya baridi, maana pikipiki iliyopashwa moto kabla hujafika inawaka vizuri siku zote. Tarakimu nne za tairi nikazisoma: mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, na ya kwanza niliyoonyeshwa tairi zake zilikuwa na miaka mitatu. Nikahamia nyingine. Volti za betri injini ikinguruma kwa resi kidogo, 14.2. Kisha nikawaambia naomba dakika 40. Yule fundi mtu mzima akavaa helmeti akakaa nyuma bila kuambiwa.

Haikuzima.

Wakati wa kusaini waliniletea karatasi yenye mstari "nimeridhika na sina dai lolote la sasa wala la baadaye". Nikachora mstari juu ya "wala la baadaye", nikasaini pembeni. Meneja aliangalia, akaguna, akagonga mhuri. Kadi ya zamani bado haijatoka jina langu, nafuatilia kila Jumatatu. Waranti imeanza upya kwa tarehe ya leo, nimewaandikisha.

Spana Kumi, Kaunta, Koti Jeusi, Dada Helmeti, na mzee wangu, nawashukuru sana. Alamu iko kabatini.

Mzee wa Kiki

Hongera mkuu. Hiyo alamu ukiamua kuiuza nishtue, nina yangu waranti imekwisha.

Tairi Mbili

Mzee njoo uchukue bure. Ila ikizima, uzi ufungue wako.